Mjinga wa Kiingereza ana majina mengi

Riziki yangu naipata kwa kutafsiri maneno ya watu wengine. Watafiti huenda vijijini, hukaa na watu barazani au chini ya mwembe, hurekodi, halafu faili za sauti hunifikia mimi Dar es Salaam. Nasikiliza, naandika Kiswahili kama kilivyosemwa, kisha pembeni naweka Kiingereza. Msimu wa utafiti ukipoa napokea filamu zetu za nyumbani na kuziandikia maandishi ya chini kwa Kiingereza. Watu wakijua kazi yangu hudhani kinachonikosesha usingizi ni methali, majina ya samaki au mambo ya unyagoni. Hayo yana ugumu wake, lakini yana mwisho: samaki ana jina lake la kisayansi, na la unyagoni ukilieleza kwa sentensi mbili msomaji anaridhika. Neno linalonirudisha nyuma kila mara ni mjinga. Mjinga pamoja na ukoo wake mzima: mpumbavu, bwege, juha, zuzu, boya, fala, mbumbumbu, zezeta, punguani, taahira, hamnazo.

Kamusi haziniokoi. Fungua yoyote ya Kiingereza kwa Kiswahili: fool utaambiwa ni mjinga au mpumbavu, idiot, mjinga au mpumbavu, moron, vilevile, simpleton, dunce, imbecile, nitwit, wote wamepangwa foleni wakisubiri maneno mawili yaleyale. Utadhani Waingereza waliyatunga yote hayo kwa kukosa kazi ya kufanya. Lakini mwenye lugha yake hachanganyi. Mama wa Kiingereza anaweza kumwambia mwanawe silly huku anamfunga kamba za viatu, na mtoto akacheka. Akimwambia moron, jirani atachungulia dirishani.

Mtu wa kwanza kunifungua macho alikuwa mzee mmoja, karani mstaafu wa mahakama. Kwa miaka mingi, kabla sheria haijabadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kufanywa lugha ya mahakama Tanzania, shahidi katika mahakama ya wilaya alizungumza Kiswahili na hakimu akaandika kumbukumbu kwa Kiingereza. Kesi za kutukanana zilikuwa nyingi. Nilimuuliza mzee walikuwa wanaandikaje mpumbavu. Akanijibu kwamba hakimu wake aliliacha neno kama lilivyotamkwa, ndani ya alama za kunukuu, na Kiingereza kikafuata. "Mwanangu," alisema, "tusi ni ushahidi. Ushahidi haubadilishwi sura." Nikamwambia mimi siruhusiwi anasa hiyo, mteja wangu hajui neno hata moja la Kiswahili. Akacheka. "Basi angalau ujue mtukanwa kapungukiwa nini. Usiandike tu kwamba kapungukiwa."

Nimefanya kazi kwa kigezo hicho tangu siku ile, nikaongezea cha kwangu: nani anasema, na kwa moyo gani. Mtu anaweza kupungukiwa habari, akapungukiwa akili, akapungukiwa busara, akapungukiwa uzoefu wa mji, au akapungukiwa ujanja wa kujilinda na matapeli. Kiswahili kinawaita wengi wao mjinga na kumwachia msikilizaji kazi. Kiingereza kinataka useme.

Chukua mjinga wa Nyerere. Tangu miaka ya mwanzo ya uhuru tuliambiwa taifa lina maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Kwa Kiingereza ni ignorance, disease, poverty, na hakuna aliyewahi kusema tunapigana na stupidity. Mjinga huyo hana kasoro kichwani, hajaambiwa tu. Pwani ya karne ya 19 neno lilikuwa na maana iliyo karibu na hiyo na chungu zaidi: mjinga aliitwa mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi za mji, tofauti na mzalia. Ndiyo maana methali yetu ina mantiki inaposema mjinga akierevuka mwerevu yupo mashakani. Jaribu kuitafsiri kwa fool uone. Fool wa Kiingereza haerevuki. Wana msemo kwamba hakuna fool kama fool mzee, yaani miaka inamzidishia. Mimi hapo naweka greenhorn, neno la mgeni asiyejua mambo ya mahali alipofika. Mteja mmoja alilikataa, akasema linanukia ng'ombe na farasi wa Marekani. Ana haki yake. Bado naamini limekaa.

Sasa kijana wa Kinondoni akimwambia mwenzake "acha ujinga bwana", ignorance imeshakufa hapo. Mwenzake anajua kila kitu, anafanya tu mzaha. Nilikuwa naandika don't be stupid, mpaka nikafanya kazi na mtafiti mmoja, mama wa makamo kutoka Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Alisoma rasimu, akasikiliza sauti ile ya vijana wanaochekana, akaandika don't be daft. Nikamuuliza daft ana tofauti gani na stupid. Akasema kwao unaweza kumwambia mumeo daft ukiwa unamwekea chai. Baadaye nikajua neno lenyewe zamani lilimaanisha mtu mpole, mnyenyekevu, na ni ndugu wa deft, yaani mwenye mikono hodari. Silly naye ametembea njia kama hiyo: kwenye Kiingereza cha kale alikuwa aliyebarikiwa, akawa asiye na hatia, akawa wa kuhurumiwa, mwishowe akawa mjinga. Hata cretin, neno linalochoma leo, linatajwa kutoka lahaja ya Kifaransa ya milima ya Alps lenye maana ya Mkristo. Kule watu wengi walizaliwa na udumavu na uvimbe wa tezi kwa kukosa madini ya iodini, na jina lile lilikuwa kama kusema huyu naye ni mja wa Mungu. Bibi zetu wanasema "masikini ya Mungu" kwa sauti hiyohiyo.

Kwa hiyo bibi wa Kilwa akisema juu ya jirani yake "masikini ya Mungu yule, akili zake fupi", siweki idiot hata kwa kushikiwa panga. Naweka poor soul, he's a bit simple. Simple ana huruma ndani yake. Na hamnazo je? Hilo ni zawadi. Sisi tunasema hamnazo, yaani zilimopaswa kuwa, hamna. Wao wanasema not all there. Lugha mbili zisizojuana zimechungulia kichwani mwa mtu na kurudi na taarifa moja.

Bwege ni mtu mwingine kabisa. Bwege si lazima awe na akili ndogo. Anaweza kuwa na shahada. Anachokosa ni wivu wa chake. Anakopesha hadai, analipia wote baa, anaibiwa mke na bado anasalimia. Kilio cha "unaniona bwege?" kinapatikana katika kila filamu yetu yenye mapenzi na pesa, yaani katika kila filamu. Kama filamu inakwenda Uingereza naandika d'you think I'm a mug? Kwa Marekani, sucker. Kama sijui inakwenda wapi, do you take me for a fool? Ni salama, haina harufu ya mtaa lakini haina kosa. Hapo ndipo fool anafaa, kwa sababu Kiingereza kina desturi ndefu ya kumfanya mtu fool, yaani kumchezea. Idiot hafanywi na mtu, amejileta mwenyewe.

Mbumbumbu ni wa darasani. Katika mahojiano na walimu amejaa tele, na akija na mkia wake, "mbumbumbu mzungu wa reli", naukata mkia kwa masikitiko na kuandika a complete dunce. Najifariji kwamba dunce naye ana kisa. Limetokana na John Duns Scotus, mwanafalsafa na padri wa Kifransisko kutoka mji wa Duns, Scotland, aliyefariki mwaka 1308. Alikuwa kati ya vichwa vikali vya zama zake. Karne mbili baadaye wafuasi wake wakakaidi elimu mpya ya watu wa Renaissance, wakabandikwa jina la mwalimu wao kama kejeli, na jina likabaki kwa watoto wasiojua hesabu. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1993. Kofia ya dunce haijamtoka.

Mpumbavu sasa. Hapa lazima mtu avue viatu. Kwa masikio ya Mswahili mpumbavu ni zaidi ya mjinga, na sababu moja ni vitabu vya dini. Mwenye kusoma Biblia amekutana naye kwenye Zaburi ya 14, akisema moyoni kwamba hakuna Mungu, na kwenye Luka 12, tajiri aliyejaza ghala akaambiwa usiku ule ule roho yake inatakiwa. Yule tajiri hana upungufu wa akili. Anajua mahesabu kuliko wewe. Amepungukiwa busara, na ni kwa kupenda. Mithali 1:22 inawatenganisha waziwazi: wajinga wanapenda ujinga wao, wapumbavu wanachukia maarifa. Kiingereza cha zamani cha Biblia nacho kiligawa vilevile, simple kwa wale, fool kwa hawa.

Kwenye Qur'ani nilipata somo la aina nyingine. Neno la Kiarabu sufahaa limo katika Surat al-Baqara aya ya 13, wanafiki wakiuliza kama waamini kama wanavyoamini wapumbavu, na limo tena katika an-Nisaa aya ya 5, inayokataza kuwakabidhi mali watu wasioweza kuisimamia. Abdullah Yusuf Ali aliweka fools kule kwanza, halafu kwenye mambo ya mali akabadilisha kuwa weak of understanding. Marmaduke Pickthall aliweka foolish kote kuwili. Mmoja alifuata muktadha, mwingine alifuata neno. Watafsiri wenzangu hugombana mpaka leo juu ya nani kafanya vizuri. Mimi niko na Yusuf Ali, ingawa najua kwa nini mwingine angelala usingizi mzuri zaidi.

Ugomvi wetu mkubwa kuliko wote ulikuwa wa siasa. Agosti 2015, CCM ikizindua kampeni pale Jangwani, Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliwaita waliokuwa wakidai kuikomboa nchi wapumbavu na malofa. Jioni ile simu yangu haikutulia. Mmoja kwenye kundi letu aliandika idiots and loafers. Mwingine, morons. Nilibisha yote mawili. Anayesema ni mzee wa chama, rais mstaafu, mtu aliyesomea Kiingereza Makerere na kuhariri magazeti kabla ya kuingia siasa. Morons ni kijana aliyekasirika mtandaoni. Idiots ni dereva aliyechomekewa mbele Ubungo. Mzee anayekemea kutoka jukwaani kwa lugha ya kale anasema fools, na wanaomchukia watachukizwa kwa usahihi. Malofa ndilo lilinichekesha. Tumelitwaa kutoka loafer ya Kiingereza, tukalikuza hapa mpaka likawa mtu asiye na kitu, asiye na kazi, asiye na thamani. Kulirudisha kwao likiwa vilevile haiwezekani tena, maana Mwingereza wa leo akisoma loafers anaona viatu vya kuchomeka mguu. Niliweka good-for-nothings. Asubuhi yake kila gazeti lilikuwa na lake.

Filamu zina sheria yake, nayo ni nafasi. Kwa kawaida mstari wa maandishi ya chini hauvuki herufi 42 hivi, na jicho la mtazamaji lina sekunde chache. Huwezi kueleza. "Mpumbavu wewe!" ikitoka kwa mume anayerusha sahani, you fool! inamgeuza kuwa mwovu wa filamu za zamani mwenye joho na masharubu. Hapo you idiot! inafaa, ina mlio wa kurushwa. Maneno ya mama mkwe aliyekaa kitako, akitamka silabi mojamoja, "mpumba-vu we-we", hubaki fool. Stupid naitumia kwa uangalifu. Kwetu mwalimu akikuita stupid mbele ya darasa umechapwa bila fimbo, na hata Uingereza na Marekani shule nyingi za watoto wadogo huwakataza kuitana hivyo. Lakini mtu mzima wa kule husema stupid me akimwaga maji, na maisha yanaendelea.

Kuna maneno yanayovutia kwa sauti yake ambayo nimejifunza kuyakwepa. Muppet kwa Mwingereza ni mjinga wa kuchekesha; Mmarekani ataona vikaragosi vya televisheni na kujiuliza chura wa kijani ameingiaje Manzese. Numpty ni ya Scotland na eejit ni ya Ireland, na ukimpa muuza mihogo wa Tandale uejit mtazamaji atamsikia akiongea Kidablini. Prat, pillock na berk zina hatari nyingine. Ya kwanza ilimaanisha makalio, ya pili kiungo cha mwanaume, na ya tatu ni fumbo la vina la London ambalo jibu lake sitaliandika hapa. Waingereza wa heshima huyatamka kanisani bila kujua. Mimi najua, kwa hiyo bibi wa Kilwa hatayatamka.

Kundi lililobaki ndilo gumu, na sipendi kulifanyia mzaha: taahira, punguani, zezeta. Niliwahi kupokea mahojiano na akina mama wenye watoto wenye ulemavu wa akili. Mama mmoja alisema hospitali walimwambia mwanawe ni taahira, akalitamka kama mtu anavyotaja aina ya damu. Dakika chache baadaye akasema majirani humwita mwanawe taahira akipita, na sauti yake ikakatika. Neno moja, mama mmoja, mara mbili.

Nilitumia siku hizo kusoma maneno ya Kiingereza yalikotoka, na sikuyatazama tena kama zamani. Idiot ilianzia kwa Wagiriki, ikimaanisha mtu wa kawaida asiyeshika wadhifa wa umma. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa istilahi ya kitabibu yenye vipimo. Mwaka 1910 mwanasaikolojia wa Kimarekani Henry Goddard, aliyekuwa akifanya utafiti katika shule ya Vineland, New Jersey, aliunda neno moron kutoka Kigiriki, akakamilisha ngazi: idiot ni yule ambaye akili yake haivuki ya mtoto wa miaka 2, imbecile ni miaka 3 hadi 7, moron 8 hadi 12. Uingereza ikaweka idiots na imbeciles ndani ya sheria yake ya mwaka 1913, sheria iliyodumu hadi 1959. Maneno hayo yalisafiri hadi kwetu pia: Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kutoka kwa mkoloni ilikuwa nayo katika kifungu cha 137, kinachohusu kumdhulumu kingono mwanamke wa aina hiyo.

Na hayakuwa maneno ya makaratasi tu. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu jimbo la Virginia limfunge kizazi msichana aitwaye Carrie Buck. Jaji Oliver Wendell Holmes aliandika kwamba vizazi vitatu vya imbeciles vinatosha. Kizazi cha tatu kilikuwa binti yake mdogo, Vivian, ambaye baadaye shuleni aliwahi kuwekwa kwenye orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri. Alifariki akiwa na miaka 8.

Kilichofuata ni cha ajabu. Istilahi zile zilipogeuka matusi, wataalamu walileta mental retardation iwe neno la adabu. Likageuka nalo. Mwaka 2010 Rais Obama alitia saini sheria iitwayo Rosa's Law, ikaliondoa kwenye sheria za shirikisho na kuweka intellectual disability. Leo idiot, lililokuwa shimo la chini kabisa la ngazi ya Goddard, ndilo jepesi: mtu hujiita hivyo akisahau funguo. Retard, mtoto wa neno la adabu, ndilo linaloweza kumfukuzisha mtu kazi. Uzito wa neno hauambatani na kiasi cha akili linachokitaja. Unafuata nani aliumizwa nalo karibuni.

Kwa mama yule niliandika mara ya kwanza they told me he is mentally disabled, sikuchukua intellectual disability kwa sababu haikuwa pumzi yake; ni lugha ya semina. Mara ya pili niliandika when he walks by they call him the retard. Timu ya mradi ilitaka nilainishe. Barua pepe zikaenda na kurudi, za heshima lakini ndefu. Hoja yangu ilikuwa moja: mama analalamika. Ukilisafisha tusi, lalamiko lake linabaki halina sababu, anaonekana mwanamke anayelia kwa sababu jirani amesema jambo la kitaalamu. Walikubali, wakaweka onyo kwa msomaji juu ya ukurasa. Sawa kabisa. Onyo ni lao, tusi ni la majirani.

Faili lililonishika kwa muda mrefu zaidi siku za karibuni ni la ardhi. Mzee wa kijiji anaeleza jinsi walivyoitoa kwa mwekezaji, karatasi kwa Kiingereza, ahadi ya kisima na zahanati. Anavuta pumzi, anasema, "Tulikuwa wajinga sisi." Wanasheria wa mradi, waliosimama upande wa kijiji, walikuwa wakisubiri sentensi hiyo. We were ignorant ingewafaa sana: hatukuelezwa, hatukujua, mkataba una dosari. Na ni tafsiri halali, ni ule ujinga wa Nyerere. We didn't know any better ingefaa pia. We were fools ndiyo hawakuitaka, kwa sababu upande wa pili ungesema mzee mwenyewe amekiri.

Nikarudisha sauti nyuma. Kabla ya sentensi ile mzee anasema kijana wake anayesoma Dodoma aliwaandikia ujumbe, baba subirini kwanza, msitie saini. "Hatukumsikiliza. Tuliona pesa." Kisha ndipo, wajinga sisi. Anacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejipiga kofi. Kama mtu ameonywa, hajapungukiwa habari. Niliandika we were fools. Mbele kidogo anasema tena, "Wakati ule wajinga, sasa tumefunguka macho," na hapo niliandika back then we didn't know any better, kwa sababu fool hafunguki macho kwa Kiingereza, na kwa sababu sasa anazungumzia kijiji kizima na miaka yake, hazungumzii tena ile siku ya saini. Nikaweka maelezo kwamba Kiswahili ni kilekile mara zote mbili.

Wakili wa mradi, Mtanzania mwenzangu, akanipigia. "Dada yangu, mbona unamharibia mzee kesi?"

"Wakili, sijagusa kesi. Nimeandika alichosema."

"Mjinga ni ignorant. Hata Mwalimu alisema hivyo."

"Mwalimu hakuonywa na mwanawe kwa simu. Huo ujumbe wa kijana umo dakika moja juu ya sentensi. Nikiandika ignorant, wapinzani wako watakusomea mstari wa juu, halafu watauliza tafsiri yote nani kailipia."

Akakaa kimya, nikasikia anapekua karatasi. Akaomba ukurasa wote, Kiswahili kikiwa juu na Kiingereza chini, pamoja na dakika na sekunde mahali sentensi zote mbili zilipo kwenye sauti. Nilimtumia jioni ileile, na ankara yangu nikaiambatanisha.